Kindi mweupe kwenye mwembe wa Mtopanga

*Asalam aleikum mwalimu. Nyuma ya nyumba yetu huku Mtopanga kuna mwembe mkubwa na kindi wamejaa, hawa wetu wa kawaida wenye tumbo jekundu. Juzi asubuhi naanika nguo nikamuona mmoja mweupe pepepe, kakaa kwenye tawi anakula embe zake. Mamangu mkwe kasema nisimtizame sana huyo si mnyama, wanangu washatengeneza manati, na jirani naye yuasema kuna mtu atamnunua. Ni nini hiki? Bi F., Mtopanga*

Waaleikum salaam Bi F. Kwanza hizo manati zichukue leo hii uzifiche. Huyo ni kindi tu, mwana wa hao hao unaowaona kila siku, na yawezekana babake na mamake wako kwenye huo huo mwembe na rangi yao ya kawaida. Sasa nifanyie kitu kimoja, akija tena karibu mtizame macho. Macho yakiwa ya waridi huyo ana ualbino, yani mwili wake hautengenezi kabisa ile rangi inayoitwa melanini, na ule uwaridi ni damu tu inaonekana kwa ndani manake hakuna rangi ya kuificha. Lakini macho yakiwa meusi kama ya wenzake hiyo ni leusizimu, hapo seli za rangi hazikufika kwenye ngozi na manyoya lakini jicho lilipata rangi yake kama kawaida.

Ualbino kwa kawaida unataka baba na mama wote wawili wabebe hiyo jini (hii ya urithi Bi F., sio ile anayoiogopa mkweo) na wao wenyewe wasionyeshe chochote, kisha kila mtoto anayezaliwa ana nafasi moja kati ya nne ya kutoka mweupe. Kule Marekani kuna mji unaitwa Olney, Illinois, una kindi weupe wenye ualbino na watu wanawapenda mpaka sheria ya mji inasema kindi akivuka barabara njia ni yake, na kila mwaka wanatoka kwenda kuwahesabu. Brevard, North Carolina nako wako weupe lakini wale macho ni meusi na wengi wana doa la kijivu kichwani.

Kwetu mnyama kama huyo maisha yake ni magumu. Kipanga anamuona kutoka mbali, na akiwa na ualbino hata kuona kwake ni dhaifu, alafu binadamu naye aje na manati jamani. Mwakumbuka twiga weupe wa Ishaqbini kule Garissa? Dunia nzima iliwaona kwenye video 2017, na Machi 2020 tukaambiwa mama na mtoto wake wameuliwa na majangili, akabaki dume mmoja peke yake mpaka akafungwa kifaa cha GPS wamfuatilie. Mimi hiyo habari iliniuma na bado yaniuma. Kwa hivyo usiposti picha ukaandika na mtaa, na huyo jirani mwambie kukamata na kuuza mnyama wa pori bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya 2013. Mamamkwe naye mueleze polepole na kwa heshima, kwa sababu haya maneno ya "huyo si mnyama" yakizoeleka nyumbani kesho mtoto atayasema kwa mtu mwenye ualbino, na watu hao wameshaumizwa sana.

*Sokoni Kongowea kuna kunguru ana manyoya meupe kwenye mabawa, ni mgonjwa? K., Kisauni*

Si lazima awe mgonjwa. Wengine wamezaliwa hivyo, wengine ni lishe mbaya, kunguru anayekulia jaani tangu kinda manyoya yake yaweza kutoka na mistari meupe, na akipata chakula kizuri akabadilisha manyoya mapya yaweza kurudi meusi. Ila kama ni yule wa kifua na shingo nyeupe safi, hiyo ni aina yake kabisa na ndivyo alivyo.

*Chui mweusi ni aina nyingine ya chui? Msomaji, Likoni*

Hapana, ni chui yule yule, amezidi ile rangi nyeusi tu, yaitwa melanizimu. Mpiga picha Will Burrard-Lucas alimpiga mmoja Laikipia na zile picha zikatoka 2019, na ukimuona juani vizuri madoa yote yako pale pale chini ya weusi.