HIF-1 alfa hasi, VEGF chanya: usikimbilie kulaumu kingamwili

Mkuu, umesema karibu nusu ya slaidi zako za saratani ya mapafu hazionyeshi HIF-1 alfa (protini inayoashiria upungufu wa oksijeni), ilhali VEGF (protini inayochochea mishipa ya damu kuota) imewaka vizuri na mishipa ya damu imejaa, ukauliza kama umeuziwa kingamwili (protini inayoishika HIF na kuipa rangi kwenye slaidi) mbovu. Huenda ni nzima kabisa. Anza kwa kuangalia saa, chupa baadaye.

Seli hutengeneza HIF-1 alfa muda wote. Oksijeni ikiwepo, vimeng'enya vya PHD huibandika alama kwenye prolini (aina ya asidi amino) ya 402 na ya 564, protini ya VHL huikamata, kisha proteasomu, kinu cha seli cha kusaga protini, huisaga. Nusu yake hupotea ndani ya dakika 5 hivi. Oksijeni ikipungua, alama haibandikwi. Protini hurundikana, huingia kwenye kiini, huungana na mwenzake HIF-1 beta na kuwasha jeni ya VEGF.

Sasa fikiria lobu (sehemu ya pafu) inavyotolewa kwa upasuaji. Daktari akishafunga ateri, tishu hukaa na joto lake bila damu, na HIF inaweza kupanda hata mahali ambapo haikuwepo. Kipande kikishakatwa na kuachwa wazi mezani, ukingo unaopigwa na hewa huanza kuipoteza. Kosa moja linapandisha, jingine linashusha, na kwenye slaidi huwezi kuyatenganisha. Kwa hiyo kila sampuli iandikiwe saa ateri ilipofungwa na saa ilipoingia kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi tishu. Uvimbe ukatwe vipande visivyozidi mm 5, formalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa tishu. Formalini hupenya takriban mm 1 kwa saa, hivyo lobu iliyotumbukizwa nzima huharibika katikati wakati nje imeshakaza. Ijaze kwanza formalini kupitia bronkasi (njia ya hewa).

Kupima kingamwili yenyewe ni rahisi: chukua seli za A549 (seli za saratani ya mapafu zinazokuzwa maabara), sahani moja kwenye oksijeni ya asilimia 1 kwa saa 4 hadi 6, nyingine kwenye hewa ya kawaida, zote zigandishwe kwenye nta na kupakwa kingamwili siku moja na slaidi zako. Watu wengi huharibu hapa: wanatoa sahani nje ndipo wanamwaga formalini. Formalini ikae humo humo ndani ya chemba ya oksijeni ndogo mapema, umwage bila kufungua mlango. Kama chemba huna, kobalti kloridi ya mikromola 100 inatosha kuiga upungufu wa oksijeni.

Wakati wa kusoma, hesabu viini tu. Sitoplazimu ya kahawia usiipe alama. Tafuta kwanza kandokando ya sehemu zilizokufa, maana oksijeni haifiki mbali zaidi ya mikromita 100 hadi 200 kutoka kwenye kapilari (mishipa ya damu midogo kabisa). Baiopsi ya sindano ikikosa ukanda huo, jibu hasi halina maana. Halafu mapafu yana masizi: makrofaji (seli za kinga zinazomeza uchafu) yaliyomeza kaboni yanafanana sana na rangi ya kahawia, kwa hiyo tumia rangi nyekundu.

Kuhusu VEGF bila HIF, hapo hakuna mgongano. VEGF inaweza kusukumwa na jeni za saratani kama EGFR au KRAS iliyobadilika, pasipo upungufu wa oksijeni. Na mishipa mingi si lazima iwe mipya. Baadhi ya uvimbe wa mapafu hujaza vifuko vya hewa na kutumia kapilari zilizokuwepo tangu mwanzo, kwa hiyo ukihesabu CD34 (alama ya kuta za mishipa ya damu) utakuwa unahesabu pafu la kawaida. CD31, alama nyingine ya mishipa, nayo hushika makrofaji, ingawa umbo lao huyafichua. Ukiona kuta za vifuko bado zimesimama ndani ya uvimbe, eneo hilo liandike kando, usilichanganye na hesabu ya mishipa mipya.

Ukiamua kupima VEGF kwenye damu, chukua plazima ya EDTA (damu iliyozuiwa kuganda), siyo seramu (maji ya damu iliyoganda). Damu ikiganda, chembe sahani (chembe za kugandisha damu) humwaga VEGF yao, nawe utaishia kupima chembe sahani za mgonjwa.