Dodoso kwa wanafunzi na wahadhiri: fomula ndiyo kazi ndogo

Karibu kila pendekezo la utafiti kuhusu maisha ya chuoni huanza na fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa ukubwa wa sampuli. Haina ubaya. Chuo chenye wanafunzi 8,000, kwa kiwango cha makosa cha 5%, kinakupa sampuli ya watu 381. Kosa ni kutuma madodoso 381. Ukisambaza kwa simu, wakijibu 3 kati ya 10 shukuru. Kwa hiyo tuma 1,270. Kwa wahadhiri fomula hiyohiyo inachekesha kidogo: wakiwa 400, inataka 200. Nusu nzima! Waulize wote tu.

Kazi kubwa ni kujua nani anajibu. Ukigawa dodoso ukumbini kupitia CR (mwakilishi wa darasa), umewapata wanaohudhuria. Aliyekosa nauli, anayelea mtoto, aliyekata tamaa baada ya sapu (mitihani ya marudio) tatu, hao hawapo pale, nao ndio uliokuwa unawatafuta. Anza na orodha ya usajili, igawe kwa mwaka wa masomo, jinsia na makazi (hosteli au geto, yaani chumba cha kupanga mtaani), kisha teua kwa nasibu ndani ya kila kundi. Kiungo kikitupwa kwenye magrupu ya WhatsApp kitajibiwa hadi na waliohitimu.

Kusanya kati ya wiki ya 6 na ya 8 ya muhula, mbali na usajili na UE (mitihani ya mwisho wa muhula), na umalize ndani ya siku chache. Nusu wakijibu swali la hali ya kifedha kabla ya bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) kuingia na nusu baada yake, ulichopima ni tarehe ya bumu.

Maswali ya pande mbili yatazamane. Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, huendesha dodoso la NSSE kwa wanafunzi na la FSSE kwa wahadhiri kwa mtindo huo. Mwanafunzi muulize: "Katika wiki 4 zilizopita, umeonana na mhadhiri nje ya kipindi mara ngapi?" Mhadhiri naye: ni wanafunzi wangapi wamemwendea ndani ya wiki hizohizo? Neno "mara kwa mara" liache. Kwa mmoja ni kila siku, kwa mwingine mara mbili kwa muhula. "Sijui" nayo isikae katikati ya "nakubali" na "sikubali", maana asiyewahi kuingia maktaba atahesabiwa kuwa ana maoni ya wastani. Iweke pembeni.

Wahadhiri huogopa kutambulika, na wana haki. Idara yenye watu 6, ukiuliza jinsia, cheo na miaka kazini, umeshamtaja mtu kwa jina. Uliza ndaki au shule kuu badala ya idara, miaka iwe kwa makundi mapana, na kundi lenye majibu chini ya 10 usilitolee jedwali, hata mkuu wa chuo akiliomba.