Jibu: Kula kwa gharama ndogo bila friji

Pole, ndugu. Umesema una jiko moja dogo la umeme, sufuria na kikaango tu, huna friji, na pesa inaishia kwenye vyakula vilivyopikwa. Inawezekana kabisa kula vizuri hapo ulipo.

Anza na adesi, zile dengu ndogo nyekundu zilizokobolewa. Hazihitaji kulowekwa, zinaiva kwa dakika 15 hadi 20, na zina protini nyingi. Kaanga kitunguu na nyanya humohumo sufuriani, tia adesi, maji na chumvi. Basi.

Maharage nayo ni nafuu, ila yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemke sawasawa. Hasa yale mekundu: yakiwekwa kwenye moto mdogo yasichemke, sumu yake ya asili haiondoki, na tumbo litakusumbua vibaya. Yachemke kwa nguvu dakika 10 kwanza, ndipo upunguze moto hadi yalainike.

Wali uchemshe dakika chache, funika, ondoa jikoni, funga sufuria kwa blanketi zito kwa nusu saa hivi. Unamalizika kuiva wenyewe, nawe unakaanga mboga kwenye jiko.

Kwa kuwa huna friji, pika kiasi utakachomaliza mlo huohuo. Wali uliolala nje usiule hata ukiupasha moto, maana kuna bakteria ambao sumu yao haiharibiwi na joto. Viazi, kabichi, karanga na mayai hukaa bila shida. Samaki wa kopo pia, ila ukishafungua maliza mlo huohuo.