Ukumbi Una Bibi na Mjukuu: DJ Apige Nini?

Barua nne tulizozichagua mwezi huu zinazunguka jambo moja: DJ abadili muziki wake kuwafuata watu waliopo mbele yake, au asimamie ladha yake? Tumezifupisha kidogo kabla ya kuzijibu.

SWALI: Mimi ni DJ wa hapa Mwanza, nina miaka 24. Ijumaa na Jumamosi napiga amapiano na house kwenye baa moja na watu wananijua kwa hilo. Sasa nimepata harusi ya wageni 300, na mwenyekiti wa kamati kaniambia, "Usije ukatupigia hayo madude yako." Nikikubali kupiga zilipendwa na taarab usiku kucha si nitakuwa nimejipoteza? Nibadilike au niiache kazi?

Kazi ichukue, ndugu yetu, na ubadilike. Baa watu wanakuja kwa sababu wanajua utapiga nini, na asiyependa anahamia baa ya pili. Harusini hakuna pa kuhamia. Shangazi aliyetoka Sengerema na binamu anayesoma chuo wamekalishwa ukumbi mmoja hadi saa 6 usiku, na wote wawili wametoa mchango. Kila mmoja anadai dakika zake za kucheza, na ni haki yake.

Hofu ya kujipoteza tunaielewa, lakini historia ya fani yenyewe inaipinga. Mwaka 1973, kule Bronx, New York, kijana mzaliwa wa Jamaika aliyejiita Kool Herc alianza kupiga muziki kwenye sherehe. Rege aliyokulia nayo haikuwainua watu wa pale, akahamia funk na soul. Kisha akagundua kwamba wachezaji wanasubiri kile kipande kifupi ambapo waimbaji wananyamaza na ngoma zinabaki peke yake. Akachukua sahani mbili za santuri za wimbo uleule. Kipande kikiisha kwenye ya kwanza, anakianzisha kwenye ya pili. Hip hop ilichipukia hapo, kwa mtu aliyekubali kuwatazama wachezaji. Singeli nayo ililelewa na sherehe za mitaani Dar es Salaam, watu wakivizungusha vipande vya ala za taarab na mchiriku kwa kasi huku MC akighani juu yake, kwa sababu vijana pale nje walitaka kasi.

Sasa kazi yenyewe. Onana na kamati angalau wiki mbili kabla, uulize mambo haya: wageni wengi ni wa umri gani, familia zote mbili zinatoka wapi, wanaingia na nyimbo gani, na nyimbo gani hazitakiwi kabisa. Ukisikia upande mmoja ni Wasukuma, tafuta bugobogobo. Ukisikia Wahaya, uwe na Saida Karoli tayari. Wimbo mmoja wa lugha ya nyumbani, ukipigwa saa yake, unainua meza tatu kwa mpigo.

Halafu piga hesabu. Muda wa kucheza, ukiondoa keki, chakula, zawadi na nasaha, hauzidi saa mbili na nusu, yaani dakika 150. Kila wimbo ukipewa dakika mbili na nusu, utapiga nyimbo 60. Beba 180. Ukibeba 60 tu umeshajifunga, kwa kuwa umeamua nyumbani kile ambacho ukumbi ulipaswa kukuambia. Zigawe kwenye mafaili kwa jinsi zinavyofanya kazi: za kula, za kuingilia, za wazee, za akina mama, za vijana, na faili dogo la nyimbo kumi za kuokoa, zile ambazo hujawahi kuziona zikiwakalisha watu chini.

Saa ya chakula ndipo wengi wanapoharibu. DJ anaona watu wamekaa kimya, anaingiwa na wasiwasi, anaachia vibao vyake vikali wakati wageni wana sahani za pilau mkononi. Ikifika saa 3 na nusu, uwanja unapofunguliwa, hana kitu. Wakati wa kula weka rumba za taratibu na zilipendwa, sauti ya chini, na hazina yako usiiguse.

Uwanja ukifunguliwa, anza na wakubwa. Wazee huondoka mapema na vijana hubaki, kwa hiyo ukianza na vijana umewadhulumu wazee mara mbili. Wape dakika 40 hivi, kisha akina mama, kisha shuka taratibu kuelekea kwa vijana. Amapiano yako yana nafasi hapo, dakika 25 au 30 kabla ya mwisho, na yatapokelewa vizuri kuliko yalivyopokelewa baa, kwa sababu mjukuu atamvuta bibi aliyebaki amfundishe kucheza.

Katika kuusoma ukumbi, usitazame katikati. Waliopo katikati watacheza chochote. Tazama ukingoni: nani anarudi kwenye kiti, nani amesimama nusu akisita. Kisha tazama meza za akina mama. Bega likianza kutikisika, kidole kikagonga meza kwa mapigo, au mtu akavua viatu vya kisigino chini ya meza, hao wako tayari na wanasubiri wimbo mmoja tu. Ukiona watu watano au sita wanaondoka ndani ya sekunde 30 za kwanza, wimbo haujaingia. Hata hivyo usiukate katikati ya mstari. Ukiukata, unawaaibisha hata wale waliokuwa wakicheza. Subiri kiitikio cha kwanza kiishe, kwenye sekunde ya 60 au 75, ndipo utoke na wimbo kutoka lile faili la kuokoa. Wimbo mpya unaoupenda wewe uweke katikati ya miwili inayojulikana. Ikipita miwili migeni mfululizo, viti vinaanza kujaa.

SWALI: Napiga harusi za Mombasa. Tatizo langu ni kuvuka. Nikitoka rumba kwenda bongo flava, au bongo flava kwenda singeli, watu wanasimama wakanitazama. Chakacha ndiyo kabisa, haishikani na chochote. Nakosea wapi?

Huenda unajaribu kuunganisha kwa mapigo vitu visivyounganika kwa mapigo. Tuanze na kasi. Bongo flava nyingi za kuchezeka ziko kati ya BPM 95 na 110, yaani mapigo 95 hadi 110 kwa dakika. Amapiano ni 110 hadi 115. Singeli inaanzia 200 na huvuka 250. Kuuongeza wimbo wa 100 ufike 112 ni kuukimbiza kwa asilimia 12, na hapo hata ukiwasha Master Tempo ya rekordbox au Key Lock ya Serato, programu za ma-DJ, ili sauti isipande, mwimbaji anasikika kama anafukuzwa. Usivuke asilimia 4 kwa wimbo mmoja. Jenga ngazi: wimbo wa 100 uupandishe hadi 103, ufuate wa 105 uupandishe hadi 108, kisha ingia amapiano ya 110. Ndani ya nyimbo tatu umefika na hakuna aliyeona ukivuka. Wakati wa kuingia, shusha LOW, yaani besi, ya wimbo unaotoka kabla hujafungua ya unaoingia. Ile besi ya amapiano inayogonga kama gogo ikikutana na besi nyingine, spika inatoa mvumo tu na mchezaji anapoteza pigo la kukanyagia.

Singeli ni rahisi kuliko inavyoonekana, kwa sababu mapigo mawili ya singeli yanaingia ndani ya pigo moja la amapiano. Chukua amapiano ya 112. Mara mbili yake ni 224. Singeli ya 220 ukiiongeza asilimia 1.8 inafika hapohapo. Programu mara nyingi huisoma singeli ya 220 kama 110, kwa hiyo usiamini namba kabla hujaipigia mguu mwenyewe. Anzisha singeli chini kwa sauti ndogo, acha mapigo 32 yapite, kisha fungua. Mwanzoni watu watacheza kwa kasi ya zamani, halafu mwili unahama wenyewe.

Rumba na zilipendwa ni habari nyingine. Hapo kitufe cha Sync, kinacholinganisha mapigo ya nyimbo mbili, hakikusaidii. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, za NUTA Jazz au Mlimani Park zilipigwa na bendi ya watu, bila mashine ya kuhesabu mapigo. Mpiga ngoma akichangamka kasi inapanda, mwimbaji akirudi kwenye ubeti inashuka. Programu inaupa wimbo wote BPM moja, na baada ya sekunde 20 unasikia ngoma mbili zinagongana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja bila kupokezana. Usiziunganishe. Acha wimbo ufike mwisho wa kiitikio, weka mwangwi wa pigo moja, shusha sauti ya upande huo, na wimbo unaofuata uanze pigo la kwanza kwa nguvu zote. Zipo pia rekodi za zamani zinazosikika hafifu kuliko za leo: pandisha TRIM, kitufe cha nguvu ya sauti inayoingia, mpaka taa zilingane na wimbo uliotoka, bila kugusa nyekundu, na upunguze kidogo HI, yaani sauti kali za juu, kama mvumo wa kanda unasikika.

Na jua wapi pa kuanzia. Zipo nyimbo za Franco na TPOK Jazz zinazopita dakika 10. Wazee waanzishie mwanzo kabisa, maana ubeti ndio wanaoutaka waimbe. Kwa vijana weka alama pale sebene, kile kipande cha magitaa ya kasi, linapoanza, uwaingizie hapo.

Sasa chakacha, ngoma ya akina mama wa pwani. Inahesabiwa tatu tatu, na bongo flava inahesabiwa nne nne. Ukizilazimisha pamoja mguu haujui uende wapi, ndiyo maana wanasimama wakakutazama. Mpe MC kipaza sauti, awaite akina mama kwa maneno, nawe uanze na wimbo wenye ngoma tupu mwanzoni. Tena isiwe mmoja. Chakacha inataka nne au tano mfululizo, kwa sababu wimbo wa kwanza ni wa kuinuka, wa pili ni wa kufunga leso kiunoni. Ukikata baada ya wa pili, umewakatisha wakati ndio kwanza kifundo kimekaza. Kutoka, toka vilevile: kwa mdomo wa MC au kwa vigelegele vyenyewe.

SWALI: Mimi ni mama wa Dodoma, mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mtoto wa dada yangu. Sherehe iliyopita DJ alipiga anavyotaka yeye, sauti hadi wazee wakatoka nje, na nyimbo nyingine zilikuwa na matusi mbele ya wakwe. Tukimwambia, anasema "mama, huu ndio muziki wa sasa." Safari hii tumbaneje?

Shikamoo mama. DJ yule alikosea, na "muziki wa sasa" si jibu la kumpa mtu aliyekulipa. Lakini mengi ya haya huzuiwa kabla ya kulipa malipo ya awali, siyo usiku wa sherehe.

Mwandikieni karatasi moja yenye nyimbo kumi za lazima na kumi za marufuku. Msimpe mia; akipewa mia hana nafasi ya kuutazama ukumbi, na mtapata muziki uliokufa. Andikeni kwamba nyimbo zenye matusi zipigwe kwa toleo lililosafishwa, lile linalopigwa redioni, au zisipigwe. Chagueni mtu mmoja tu wa kumpelekea maagizo usiku huo. Kamati nzima ikimwendea, huyu "ongeza", yule "punguza", hata DJ mzuri anavurugikiwa.

Kuhusu sauti, mengi yanatokana na spika zilipowekwa. Wazee msiwaweke mbele ya spika. Kabla wageni hawajaingia mwambieni DJ apige wimbo, nanyi mkae meza ya wazee muongee: kama mnainua sauti ili msikilizane, hiyo ni kubwa mno kwa saa ya chakula. Na mkumbusheni kwamba ukumbi mtupu unadanganya. Watu wakijaa, miili na nguo vinameza sauti kali za juu, DJ anadhani muziki umepungua, anapandisha kila kitu. Wakati huo besi haina shida yoyote, na ndiyo inayowatoa wazee nje. Apandishe kidogo zile za juu na kuiacha besi palepale.

SWALI: Nina usiku wa rege kila Alhamisi, Arusha. Watu wanakuja na shilingi 10,000 mkononi wananiomba singeli. Kwa kuwa mnasema DJ afuate watu, niwapigie?

Hapana. Tangazo lako limesema rege, na aliyelipa kiingilio kwa ajili ya rege ndiye ukumbi wako. Mwenye elfu kumi ni mtu mmoja.

Kubadilika kwako kuwe ndani ya rege yenyewe, na nafasi ni pana. Ukiona watu wamepoa, toka kwenye roots, rege ya taratibu ya BPM 70 hadi 80, uende dancehall, yenye kasi ya 90 na zaidi. Ukiona wapenzi wamejaa, shuka kwenye lovers rock, rege ya mapenzi. Pesa usiishike kabla hujajua kama wimbo utapigwa, maana ukishaipokea umeshaahidi. Mwambie, "Leo ni rege, kaka, niambie msanii wa rege unayempenda." Akitaja, mpigie ndani ya nyimbo tatu zinazofuata, na umtazame unapoanza ajue ni wake. Wakizidi kumi kwa usiku wanaoomba singeli, na ikawa hivyo wiki baada ya wiki, zungumza na mwenye baa muifungulie siku yake.