Kabla Hujatoka Nairobi na Baiskeli, Piga Hesabu ya Kurudi

Karibu kila anayeanza safari ndefu za baiskeli hapa Nairobi huuliza: naweza kufika wapi? Mimi ningekushauri uanze na swali jingine. Nairobi imekaa karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukiondoa upande wa Limuru na Ngong, barabara nyingi za kutoka mjini zinateremka. Asubuhi miguu ni mipya, hewa ni ya baridi na barabara inakubeba, hivyo unafika kilomita ya hamsini ukijiona bingwa. Halafu unageuka. Jua limeshapanda, upepo umeamka, na nyumbani kuko juu. Uliza kwanza utarudije, kisha ndiyo uchague pa kwenda.

Kwa sababu hiyo mgeni yeyote anayeniomba njia namwelekeza Limuru kwanza, kupitia Ruaka, Banana na Tigoni. Limuru iko takriban mita 2,200, kwa hiyo unapanda mita mia tano na ushei, na ukijumlisha mabonde ya katikati ni zaidi. Wengi huogopa njia hii kwa sababu ya milima, ilhali kwa anayeanza ndiyo yenye huruma. Kazi yote unaifanya asubuhi ukiwa na nguvu. Ukichoka pale Banana, geuza tu, mteremko utakurudisha. Usione haya ukipitwa na vijana wembamba wanaopanda wakipiga soga: vilima vya Kikuyu na Limuru ndiko David Kinjah, mwendesha baiskeli wa hapa Kenya, alikomnolea Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyekuja kushinda Tour de France mara nne, na bado vinatoa watu wa kasi. Waache waende.

Panda kwa gia nyepesi. Wageni wengi hunyonga gia nzito polepole wakidhani ndiyo nguvu, na kesho yake magoti yanalalamika. Miguu izunguke upesi, mizunguko 80 hivi kwa dakika kwenye tambarare, na mlimani isishuke sana chini ya 60. Wakati wa kuteremka, usikamate breki mfululizo kutoka Tigoni hadi Ruaka. Bonyeza, achia, bonyeza tena, kwa mikono yote miwili. Mwezi wa Julai ukungu wa Limuru huacha lami imelowa kati ya mashamba ya chai, na breki za kubana rimu zikilowa huchelewa kushika. Beba jaketi jepesi hata kama ulipanda ukitokwa jasho, kwa maana jasho hilo litakugandisha kwenye mteremko. Na matuta yasiyopakwa rangi yako mengi, nadhani kuliko yaliyopakwa.

Barabara ya Magadi ndiyo inayowameza watu. Inapendeza kwenye picha: unapita Rongai na Kiserian, unafika Corner Baridi, na Bonde la Ufa linafunguka lote mbele yako. Kuanzia hapo ni kushuka. Olorgesailie, kule kwenye mashoka ya mawe ya watu wa kale, iko takriban mita 1,000 tu juu ya bahari, na Ziwa Magadi lenyewe liko karibu mita 600. Kutoka mjini hadi Magadi ni kama kilomita 110. Sasa fikiria kurudi: unapanda zaidi ya mita elfu moja, saa sita mchana, kwenye joto ambalo Nairobi hailijui, vivuli ni vya kutafuta na maduka yametengana mbali. Nimewaona watu wenye afya njema wamekaa chini ya mgunga wakitazama baiskeli zao kama mtu anayetazama ng'ombe aliyegoma. Hawakukosa mazoezi. Walihesabu kilomita, hawakuhesabu kupanda. Kwa miezi ya mwanzo, geukia Corner Baridi au Olepolos. Magadi ikikuita kwa nguvu, nenda mara moja bila kurudi kwa pedali, yaani upange gari la kukurudisha kabla hujatoka nyumbani.

Upande wa Kajiado una ujanja wake. Kitengela hadi Isinya ni kama tambarare, lakini kuna upepo. Kwa kawaida huvuma kutoka mashariki, na kadiri jua linavyopanda ndivyo unavyokaza. Ukienda Kajiado na kurudi kwa njia ileile unakupiga ubavuni pande zote mbili, bila faida yoyote. Afadhali uzunguke: toka alfajiri kupitia Athi River na Kitengela, ukifika Isinya kata kulia ushike barabara ya Kiserian. Hapo upepo uko mgongoni, na unakusaidia kupanda kuelekea Kiserian. Mzunguko huo unapita kilomita 100, hivyo usiwe wa mwezi wa kwanza. Ubaya wake ni kwamba unaingia Rongai wakati magari yamejaa, na hakuna upepo utakaokusaidia hapo.

Mwili uongezewe kidogo kidogo. Ukiweza kilomita 40 bila kuumia, nenda 50, kisha 60, na kila baada ya wiki tatu za kuongeza, punguza wiki moja ili miguu ipone. Safari moja ndefu kwa wiki na mbili fupi katikati zinatosha kwa mtu mwenye kazi na familia. Wala usijipime kwa kasi. Wale wa Audax, yaani safari ndefu za kumaliza ndani ya muda uliopangwa, si mashindano, hupewa saa 13 na nusu kwa kilomita 200, vituo vyote vikiwa ndani. Ukigawa, ni kama kilomita 15 kwa saa. Mwendo huo mtu wa kawaida anauweza. Anachoshindwa ni kuondoka kibandani: chai moja inazaa ya pili, soga zinanoga, dakika arobaini zimekwenda na misuli imepoa. Kituo kiwe dakika kumi, na saa uiangalie kweli.

Chakula ndicho ninachokisemea zaidi. Ukiendesha kwa saa nyingi, mwili unataka gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na unataka kabla ya njaa kuuma. Njaa ikifika umeshachelewa. Dakika chache tu mbele unazima, mikono inatetemeka, na hata hasira zinakupanda bila sababu. Ndizi moja ya kawaida ina kama gramu 25. Soda ndogo ya mililita 300 ina kama 30. Chapati iliyokunjwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na nduma vinakaa vizuri kwenye mfuko wa mgongoni. Nduma ni kavu, imeze na maji. Kuna jeli za paketi zinazouzwa kwa bei ya mlo mzima wa kibanda; ni hiari yako. Madondo, yaani maharagwe, yaache mpaka urudi, wenzako walio nyuma yako watashukuru. Maji ni nusu lita hadi robo tatu kwa saa, na upande wa Magadi au Kajiado ongeza. Usinywe maji matupu siku nzima huku ukitoka jasho, kwa sababu chumvi ya mwilini inapungua na kichwa kinaanza kuuma. Chumvi kidogo kwenye chupa moja, au yai la kuchemsha lenye chumvi, linasaidia.

Kuhusu baiskeli, usikope pesa. Ya mtumba yenye fremu inayokutosha ni bora kuliko mpya iliyokuzidi. Urefu wa kiti upime hivi: kaa, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, na mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Kiti kikiwa chini mno goti litauma kwa mbele. Kikiwa juu mno litauma kwa nyuma. Kaptura yenye sponji huvaliwa bila chupi ndani, nalisema waziwazi kwa kuwa watu huona haya kuuliza halafu wanachubuka. Mafuta ya mgando sehemu za kusuguana hayana aibu pia. Akina dada, kiti kilichokuja na baiskeli huenda hakikutengenezwa kwa mifupa yenu; kibadilisheni mapema badala ya kuvumilia.

Tairi za milimita 28 au 32 zinafaa lami zetu kuliko zile nyembamba kama uzi. Pancha za huku zina wahalifu wawili: miiba ya migunga upande wa Kajiado, na vijiwaya vya chuma vinavyotoka kwenye tairi za malori zilizopasuka. Beba tyubu mbili, viraka, pampu, na vile vijiti vya plastiki vya kutolea tairi. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole polepole ndani ya tairi utafute mwiba, la sivyo utaipasua hiyo mpya papo hapo. Kama vali zako ni zile nyembamba, pampu ya fundi wa bodaboda na ile ya kituo cha mafuta hazitaingia. Kuna kijipande cha shaba cha kuunganisha, ni cha bei ndogo. Kifunge kwenye vali usikipoteze.

Barabarani, ondoka alfajiri, Jumapili ikiwezekana, ukiwa na taa nyekundu nyuma hata baada ya jua kuchomoza. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022, hairuhusu baiskeli, hivyo usijaribu. Mteremko wa Mai Mahiu uache kabisa kwa sasa: ni mwembamba, malori yanashuka yakinuka breki, na pembeni hakuna pa kukimbilia. Kwingineko usiendeshe kwenye ukingo kabisa wa lami. Kaa ndani kiasi cha nusu mita ili ubaki na nafasi ya kukwepa. Matatu ikipunguza mwendo usiipite kushoto, maana mlango uko huko na abiria hushuka kabla haijasimama. Na ukiona lori linalipita jingine likija upande wako, toka nje ya lami mapema. Haki yako ya barabara haitakusaidia kitu pale.

Ukienda na kundi, mgeni akae katikati. Mtazame wa mbele yako mabegani, si kwenye gurudumu, na usifunge breki ghafla. Ukisikia "Shimo!" au "Tuta!", rudia kwa sauti ili wa nyuma wasikie. Kukaa mgongoni mwa mwenzako kunapunguza upepo sana, basi usikimbilie mbele kuonyesha nguvu kwenye kilomita kumi za mwanzo.

Kila mara mwachie mtu nyumbani njia utakayopita na saa ya kurudi, simu iwe na chaji na pesa za nauli ya kwako na ya baiskeli. Magari ya upande wa Magadi ni machache, basi ukihisi umeishiwa simamisha la kwanza litakalopita. Patana bei kabla baiskeli haijapandishwa kwenye keria, toa gurudumu la mbele mwenyewe, na uilaze upande wa gia ukiwa juu, kwa sababu makanga atakuja kutupa magunia ya mkaa pembeni yake.