Kipimo kinachohama ukishika kebo

Ndugu wa Uyole, umesema unapima dipoli (antena ya mikono miwili) kwa NanoVNA (kifaa kidogo cha kupimia antena), umeweka wastani wa mizunguko 16 ya kipimo, na bado S11 (kiasi cha wimbi kinachorudi kutoka kwenye antena) inahama ukigusa kebo. Hiyo si kelele.

Wastani hufuta kinachobadilika ovyo kati ya mzunguko mmoja na mwingine. Mizunguko 16 hushusha kelele kwa desibeli 12 hivi. Kosa linalojirudia vilevile kila mara hubaki palepale, ila sasa mstari umenyooka na unakudanganya vizuri zaidi.

Dipoli haina upande wa ardhi. Ukiifunga moja kwa moja kwenye koaksia (kebo yenye waya wa kati uliozungukwa na wavu), mkondo unatambaa nje ya wavu wa kebo, na kebo inageuka kuwa sehemu ya antena pamoja na mkono wako. Dawa ya haraka: vivishe kebo pete za feraiti (kauri ya sumaku inayozuia mkondo huo wa nje) karibu na antena.

Mimi napendelea hivi: kila mkono wa dipoli upate koaksia yake, zilingane urefu, nyavu ziunganishwe pale juu, kalibresheni (kusawazisha kifaa kabla ya kupima) ifanyike kwenye ncha hizo. Pima S11 na S21 (kinachovuka kutoka mkono mmoja kwenda wa pili), kisha badilishana mikono (kebo ya kwanza iende mkono wa pili) upate S22 na S12. Halafu tafuta Sdd, yaani wimbi linalorudi mikono yote miwili ikihesabiwa kama jozi:

Sdd = (S11 + S22 − S12 − S21) / 2

Rejea (ukinzani ambao kipimo kinalinganishwa nao) sasa ni omu 100, si 50. Dipoli iliyo wazi hewani ina omu 73 hivi, kwa hiyo ukiona Sdd ya desibeli −16, hiyo ni tofauti ya 73 na 100 tu; usianze kuikata dipoli. Na kwa baridi ya Mbeya mwezi Juni, acha kifaa kipate joto kwanza ndipo ufanye kalibresheni.