Zahanati iko mbali, wajawazito wetu tuwasaidieje?

SWALI: Dada shikamoo. Sisi ni kikundi cha wamama wa kijijini, tunakutana kuweka akiba. Mwaka jana mwenzetu alijifungua usiku akatokwa damu nyingi sana, mume akahangaika kutafuta gari mpaka kukakucha, tukampoteza. Zahanati iko mbali na nesi yupo mmoja tu. Tunataka kufanya kitu ila hatujui tuanzie wapi, wengine wanasema tutafute mfadhili atujengee jengo.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni sana. Jengo msianze nalo jamani. Huyo mwenzenu usiku ule alikosa gari, na gari mnaweza kulipanga nyie wenyewe hata wiki hii.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kwamba mama anacheleweshwa mara tatu, kwanza nyumbani kuamua kwenda, pili njiani, tatu akishafika asipate huduma. Mi nakaa sana kwenye ile ya kwanza maana ndo haionekani, mama anaumwa kichwa vibaya mno anaona maruweruwe, miguu na uso vimevimba, halafu watu wanamsubiri mume arudi ndo atoe ruhusa, kumbe hiyo inaweza kuwa kifafa cha mimba na kila saa ina maana. Kwa hiyo waiteni waume na mama wakwe kwenye kikao, ruhusa itoke mapema kabla uchungu haujaanza. Na kila mjamzito abandike karatasi mlangoni, majina mawili ya wenye gari au pikipiki na namba zao, mawili sio moja, maana wa kwanza anaweza asipokee simu saa nane usiku. Hela ya mafuta itengeni kwenye mfuko wenu wa akiba, mtu akiugua inatoka bila kusubiri kikao.

Na msidharau kukaa tu mkaongea. Mwaka 2013 zilijumlishwa tafiti 7 za vikundi vya wanawake kama chenu huko Bangladesh, India, Malawi na Nepal, vinakutana, vinachambua shida zao na kutafuta njia wenyewe, na pale ambapo angalau asilimia 30 ya wajawazito walishiriki, vifo vya wamama vilipungua sana. Yani wajawazito wenyewe lazima wawemo, hata yule binti anayeficha tumbo, mfuateni kwao.

Halafu nendeni kwa nesi, sio kumlaumu, mkamuulize anakwama wapi. Ulizeni friji inafanya kazi? Oksitosini, sindano ya kuzuia damu baada ya kujifungua, inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8, ikikaa kwenye joto muda mrefu dawa inapungua nguvu na nesi anamchoma mama akidhani amemkinga. Hilo ndo la kubeba mpaka kwa viongozi na huyo mfadhili, friji ya sola, dawa, mkunga wa pili. Mkienda mnajua mnachodai hamuondoki na ahadi za hewani.

SWALI: Na mkunga wetu wa jadi je, tumkataze? Wamama wanamwamini kuliko nesi.

JIBU: Msimfukuze, mkimfukuza atazalisha kwa siri. Mpeni kazi ya kusindikiza, Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema mama awe na mtu anayemtaka pembeni wakati wa uchungu. Yeye ndo atajua nani ana mimba changa, amsukume aanze kliniki kabla ya wiki 12, maana tangu 2016 shirika hilo linashauri mahudhurio yasipungue 8. Ongeeni na nesi ampokee vizuri, asimfokee mbele za watu. Na mama akishajifungua huyo mkunga wa jadi abaki naye, masaa 24 ya mwanzo ndo ya hatari, akiona damu inalowesha nguo haraka haraka amuite nesi hapohapo.